Lusail usiku wa Jumapili: kwa nini uwanja huu wa Qatar unawatoa jasho mabingwa wa pikipiki

Idi imeshapita, waliofunga sita wengi wameshamaliza, na sasa macho ya wapenzi wa pikipiki yanaelekea kwa jirani zetu wa Qatar. Jumapili hii, tarehe 13 Aprili 2025, uwanja wa Lusail ulio kaskazini ya Doha utapokea duru ya nne ya mashindano ya dunia ya MotoGP ya mwaka huu. Kutoka Maskati ni saa moja na nusu hivi kwa ndege, kwa hiyo kwetu sisi wa Ghuba hii ndiyo duru ya nyumbani.

Kila nikizungumza khabari za mbio hizi barazani, huulizwa suali lile lile: "Hao si wanazunguka tu? Kuna ujuzi gani hapo?" Makala haya ni jibu langu. Nitaeleza uwanja wenyewe ulivyo, kwa nini unawashinda hata mabingwa, na nini cha kuangalia Jumapili, ili hata yule ambaye hajawahi kutazama mbio moja aweze kukaa na wanawe mbele ya televisheni akafahamu kinachoendelea.

"Ami, wanafunga breki wapi?"

Miaka michache nyuma mtoto wa kaka yangu alinunua pikipiki yake ya kwanza kubwa. Tangu siku ile mama yake hakupata usingizi, kwa sababu kijana alikuwa akitoka baada ya saa sita za usiku, barabara zikiwa tupu, yeye na wenzake. Kumkemea nilijua hakutafaa. Nikamkatia tiketi, tukenda Lusail, tukakaa mahali ambapo kona ya kwanza inaonekana vizuri.

Uwanja wa Lusail una urefu wa kilomita 5.38 na kona 16, kumi za kulia na sita za kushoto. Kati ya kona ya mwisho na ya kwanza kuna njia iliyonyooka yenye urefu wa mita 1,068. Pikipiki za MotoGP zina injini ya 1000 cc na uzito usiopungua kilo 157 tu, na hapo mbele ya jukwaa kubwa hupita kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 350 kwa saa. Mwaka 2021 Mfaransa Johann Zarco alipimwa hapo hapo akiwa na kilomita 362.4 kwa saa. Ukitaka kufahamu maana yake, piga hesabu: kwa kilomita 350 kwa saa pikipiki inakula mita 97 kila sekunde. Ukipepesa macho, umeshapitwa na robo ya uwanja wa mpira.

Kisha inakuja kona ya kwanza, ya kulia, na mwendo wote ule lazima ushuke mpaka karibu kilomita 100 ndani ya sekunde chache. Kijana wangu alikuwa amesimama, ameshika kichwa. Akaniuliza, "Ami, wanafunga breki wapi? Mimi ningeshafunga zamani!" Nikamwambia hapo ndipo penye mchezo wenyewe. Anayefunga breki mapema hupitwa, na anayechelewa kwa mita chache hutoka nje ya lami akaingia kwenye changarawe. Na mahali pa kufunga hapabaki pale pale: upepo ukivuma kutoka nyuma, au matairi yakiwa yameshachoka, alama aliyotumia mzunguko uliopita inakuwa haina kazi tena.

Mchanga hauna adabu

Watu wengi hudhani ugumu wa Lusail ni mwendo tu. Mwendo ni nusu ya khabari, na nusu ya pili ni jangwa.

Uwanja ulifunguliwa mwaka 2004 katikati ya nchi kavu. Pembeni mwa lami yametandikwa majani ya bandia ili kuzuia mchanga usiingie, lakini sisi tunaoishi Ghuba tunajua kuwa mchanga hauzuiliki. Ukivuma upepo wa shamali usiku mmoja, asubuhi unakuta vumbi hata ndani ya kabati lililofungwa, seuze barabara iliyo wazi.

Kwa hiyo siku ya Ijumaa, mazoezi yanapoanza, lami huwa na utelezi. Kila pikipiki inayopita husafisha mstari mwembamba na kuacha mpira wa tairi juu yake, na mpaka Jumapili mstari ule unakuwa mzuri sana. Shida ni kwamba nje ya mstari huo, hata kwa mita moja, mchanga bado upo. Na ukitaka kumpita mwenzako ni lazima utoke kwenye mstari. Ndiyo maana mtu mwenye kasi zaidi anaweza kukaa nyuma ya mwenzake mizunguko mitano na asithubutu.

Kisa kinachoeleza jambo hili vizuri kuliko chote ni cha mbio za kwanza kabisa hapo, tarehe 2 Oktoba 2004. Usiku wa kuamkia mbio, watu wa timu ya Valentino Rossi walikwenda kusafisha sehemu yake ya kuanzia, maana ilikuwa imejaa vumbi. Timu nyengine zikalalamika, na Rossi akaadhibiwa kuanzia nyuma kabisa ya wenzake. Max Biaggi naye alipata adhabu kama hiyo. Rossi akapanda kwa hasira mpaka nafasi ya nne, kisha akaanguka. Mshindi alikuwa Mspania Sete Gibernau, na ajabu ni kwamba baada ya siku ile Gibernau hakushinda tena mbio nyengine za daraja la juu mpaka alipostaafu. Wapenzi wa mchezo huu mpaka leo wanaita jambo lile laana ya Qatar. Mimi siamini laana, lakini naamini mchanga.

Usiku, taa na umande

Miaka ya mwanzo mbio zilifanyika mchana, na joto lilikuwa la kuua. Mwaka 2008 zikahamishiwa usiku, na Lusail ikawa uwanja wa kwanza katika historia ya mashindano haya ya dunia kufanya mbio chini ya taa. Casey Stoner wa Australia, juu ya Ducati, ndiye aliyeshinda usiku ule. Usiku uliondoa tatizo la jua, na watazamaji wa Ulaya wakapata mbio kwa saa inayowafaa. Lakini ulileta matatizo mengine mawili.

La kwanza ni umande. Aliyewahi kuegesha gari pwani ya Ghuba usiku anajua kioo kinavyolowa bila ya mvua. Miaka ile ya kwanza mbio zilianza saa tano za usiku, na kadiri usiku ulivyozidi ndivyo lami ilivyopata unyevunyevu usioonekana kwa macho. Mtu anaingia kona kwa namna ile ile aliyoingia mara kumi, na mara ya kumi na moja tairi la mbele linamkimbia. Ndiyo sababu siku hizi mbio huanza saa mbili za usiku, kabla umande haujashuka.

La pili ni mvua. Mvua Qatar ni chache, lakini ikinyesha, maji juu ya lami huakisi mwanga wa taa na kumpofua mwendeshaji. Mwaka 2009 ilinyesha Jumapili wakati wa kuanza, na mbio za daraja la juu ikabidi ziahirishwe mpaka Jumatatu. Mwaka 2017 mvua iliharibu Jumamosi nzima, mchujo wa kupanga nafasi ukafutwa.

Upande wa kushoto unaolala

Jambo hili ukilifahamu utawaona waendeshaji kwa jicho jengine. Tairi la pikipiki halichakai sawasawa. Upande wa kulia hugusa lami kwenye kona za kulia tu, na wa kushoto kwenye za kushoto tu. Lusail ina kona kumi za kulia, na tatu kati ya hizo, namba 12, 13 na 14, zinafuatana moja kwa moja kwa mwendo mkali. Upande wa kulia wa tairi hapo unaungua. Upande wa kushoto nao unapumzika, na tairi la mbio likipoa halishiki.

Sasa fikiria: mtu amemaliza njia ndefu iliyonyooka, upepo umelipoza tairi, ameingia kona ya kwanza ya kulia, na mara moja anatakiwa alale kushoto kwenye kona ya pili. Upande ule haujaguswa kwa muda mrefu. Wengi wameangukia hapo, tena wenye majina. Safari hii mbio zinafanyika katikati ya Aprili, wakati mwaka jana zilikuwa Machi 10. Usiku wa Aprili ni wa joto zaidi, kwa hiyo kona ya pili huenda ikawa na huruma kidogo. Lakini joto likizidi, upande wa kulia ndio utakaolia mapema. Ni mkono wa kutoa na mkono wa kupokea.

Tairi lina sheria yake

Kuna sheria moja inayowachanganya watazamaji, nayo inaweza kuamua mshindi wa Jumapili. Tairi la mbele ni lazima liwe na upepo usiopungua bar 1.8 kwa angalau asilimia 60 ya mizunguko ya mbio kubwa. Sheria hii imewekwa kwa usalama. Atakayekutwa chini ya hapo anaongezewa sekunde 16 baada ya mbio, na kwa mchezo ambao watu wanashindana kwa chembe za sekunde, hiyo ni sawa na kufukuzwa.

Ugumu ni kwamba upepo wa tairi hubadilika kwa joto. Ukiwa peke yako mbele, hewa baridi inakupiga, tairi linapoa na upepo unashuka. Ukiwa nyuma ya wenzako, unapokea joto la injini zao na upepo unapanda. Kwa hiyo fundi anapojaza upepo kabla ya mbio anabahatisha: je, mtu wetu ataongoza au atafuata?

Mfano tuliuona Thailand mwezi uliopita. Marc Márquez alikuwa anaongoza, mara akapunguza mwendo akamwacha mdogo wake Alex apite. Watu wakadhani pikipiki imeharibika. Kumbe upepo wake ulikuwa umeshuka, akaona bora akae nyuma ya mdogo wake apate joto. Alipoona hesabu imetimia, ikiwa imebaki mizunguko michache, akampita akashinda. Jumapili mkiona mtu anaongoza kisha anaachia nafasi, msishangae, na matokeo msiyaamini mpaka yathibitishwe.

Ndugu wawili, pointi moja

Sasa tuje kwenye watu. Baada ya duru tatu anayeongoza ni Alex Márquez kwa pointi 87. Wa pili ni kaka yake Marc, pointi 86. Wa tatu ni Muitaliano Francesco Bagnaia, pointi 75. Wote watatu wako juu ya Ducati, na tangu katikati ya Aprili mwaka jana hakuna pikipiki ya kampuni nyengine iliyoshinda mbio za Jumapili.

Tuelewe pointi zinavyopatikana. Jumamosi kuna mbio fupi, mizunguko 11 hapa Lusail, na mshindi hupata pointi 12, wa pili 9, wa tatu 7. Jumapili ni mizunguko 22, mshindi hupata 25, wa pili 20, wa tatu 16. Alex ameanza mwaka kwa namna isiyo ya kawaida: mbio fupi tatu na kubwa tatu, zote sita amekuwa wa pili! Hajashinda hata moja, na ndiye anayeongoza. Marc ameshinda mbio tano kati ya sita. Ya sita, kule Austin, Marekani, alikuwa mbele akaanguka, akaambulia sifuri, na Bagnaia akachukua ushindi. Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka, na safari hii jedwali limewapa haki.

Kwa Marc hapa pana deni. Mwaka 2020 alivunjika mkono wa kulia, akafanyiwa operesheni nne, na wengi wakasema amekwisha. Aliihama Honda mwisho wa 2023, akajiunga na timu ndogo, na mwaka huu yumo katika timu kubwa ya Ducati. Lakini Lusail si uwanja wake. Katika daraja la juu ameshinda hapa mara moja tu, mwaka 2014. Yeye ni hodari zaidi wa kona za kushoto, na Lusail ni ya kona za kulia. Mwaka 2018 na 2019 alipigana na Andrea Dovizioso mpaka mstari wa mwisho akashindwa kote, mara ya pili kwa sekunde 0.023. Kwa mwendo wao, hiyo ni kama mita mbili.

Bagnaia ndiye aliyeshinda hapa mwaka jana. Ushindi wa Austin umemrudishia roho, na akishinda tena Jumapili michuano itakuwa ya watu watatu.

Wa kumwangalia kwa jicho la huruma ni Jorge Martín, bingwa wa dunia. Amehamia Aprilia akiwa na namba moja kifuani, lakini aliumia kabla ya msimu kuanza na amekosa duru zote tatu. Jumapili anarudi. Kurudi kwenye uwanja kama huu, juu ya pikipiki ambayo hajaizoea, mwili haujapona sawasawa, ni jambo la kumuombea salama kabla ya kumuombea ushindi.

Na msimsahau Fabio Di Giannantonio. Mwezi wa Novemba 2023 alifika Lusail akijua kuwa nafasi yake katika timu inachukuliwa na Marc Márquez, na mwaka unaofuata hana kazi. Akashinda hapo mbio zake za kwanza za daraja la juu, na haukupita muda akapata kazi katika timu ya Valentino Rossi, ile ya pikipiki za manjano. Riziki ya mtu haizuiliki.

Tukimtaja Rossi, sisi wa Oman tuna sababu ya kuchangamka. Tangu mwaka jana mzee huyu anaendesha gari la BMW katika mashindano ya dunia ya masafa marefu, na mwenzake ndani ya gari lile ni Muomani wetu Ahmad Al Harthy. Msimu wao wa mwaka huu ulifunguliwa hapo hapo Lusail, mwisho wa Februari. Kwa hiyo lami hii imeshapitwa na mtoto wa nyumbani.

Saa za kutazama

Mbio fupi ni Jumamosi tarehe 12, saa mbili za usiku kwa saa za Doha, na mbio kubwa ni Jumapili saa hiyo hiyo. Kwa Oman na Imarati ni saa tatu za usiku. Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa ni saa mbili za usiku, sawa na Doha. London ni saa kumi na mbili za jioni, na New York na Toronto ni saa saba za mchana.

Wanaokwenda wenyewe: chukueni koti jepesi, kwani upepo wa usiku pale huchoma, na kitambaa cha kufutia miwani. Watoto wawekeeni vizibo vya masikio, sauti ya injini hizi si mchezo.

Tutazame, lakini tusiige

Mwaka 2010, katika usiku kama huu, kijana wa Kijapani Shoya Tomizawa alishinda Lusail mbio za kwanza kabisa za daraja la Moto2. Alikuwa na miaka 19. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule alifariki baada ya kuanguka uwanja wa Misano, Italia. Na yeye alikuwa na nguo za kinga, madaktari pembeni, barabara ya upande mmoja, na hakuna lori wala ngamia wa kukatisha mbele yake. Vijana wetu wanaojaribu mwendo huo katika barabara zetu hawana hata kimoja cha hivyo. Na kila mmoja wetu anayeishi huku anaijua nyumba moja au mbili ambazo simu ililia usiku.

Tulipotoka Lusail mwaka ule, mtoto wa kaka yangu alinyamaza njia nzima. Tulipofika Doha akasema, "Ami, mimi sijui kuendesha." Nikamwambia hilo ndilo somo la kwanza. Pikipiki hakuiuza, na sikumtaka aiuze. Lakini usiku hatoki tena, helmeti haiachi, na Jumapili hii atakuja kwangu kutazama. Mama yake ameahidi kutuletea sambusa.

Inshaallah Jumatatu nitawaletea matokeo. Awarudishe wote salama.